Ng'ombe wa Mkopo Afukuliwa

Bi Hoja hakuwahi kushindwa na ofisi yoyote. Hivyo ndivyo alivyowaambia majirani, kisha akacheka mwenyewe na kukiri kwamba ipo moja tu: ile iliyowapa ng'ombe wa maziwa kwa mkopo wa serikali. Mkopo ulichukuliwa kwa jina la mumewe, lakini shamba lililowekwa dhamana ni la Bi Hoja mwenyewe.

Sasa ng'ombe kafa, deni zima liko palepale. Masharti yalisema mnyama akifa kwa ugonjwa, mkopaji anaweza kuomba nafuu: nusu ya deni inafutwa, nusu analipa kidogo kidogo. Akikataliwa, shamba linauzwa. Maneno mepesi kabisa, ukiyasikia ukiwa huna shamba.

Karani wa mikopo alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomtoa Bi Hoja roho. Hakatai kitu, anaomba tu. Leta picha ya banda. Picha ikaja, kumbe ilitakiwa ionyeshe na mlango. Leta muhuri wa bwana mifugo. Bwana mifugo yuko likizo. Alipotoka likizo, wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Benchi la pale lilikuwa na msumari uliochomoza, na Bi Hoja alikwisha kujua akae upande gani, kama mwenye nyumba.

"Mama, limebaki jambo dogo," karani akamwambia.

"Dogo kama la juzi?"

"Shahidi tu. Mtu aliyeona ng'ombe akizikwa. Mzee wako hawezi kujishuhudia mwenyewe."

Ng'ombe alikufa Bi Hoja akiwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta banda tupu na mume anafuta machozi. Lakini nenda-rudi ilikuwa imemfika shingoni.

"Shahidi mimi," akasema. "Tena nilishika mguu wa nyuma."

Huo mguu ulimtoka mdomoni wenyewe. Aliona uongo umekaa uchi, akauvalisha.

Karani akaandika. "Vizuri. Basi kesho tutakuja na bwana mifugo kufukua kidogo, tuone mabaki."

Mumewe watu walimwita Mzee Kesho, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuifanya leo. Jioni ile aliposikia habari za kufukua, akaacha chakula, akabeba jembe na gunia, akaenda "kuwasafishia wageni njia." Akarudi na matope hadi magotini. Bi Hoja akamchemshia maji ya kuoga, akijiambia kwamba miaka yote ile ya kumsema mume haikwenda bure.

Asubuhi wageni wakaja. Udongo ulikuwa laini, jembe likazama kama kwenye uji. Bwana mifugo akainama, akavuta, akaibuka na fuvu lenye pembe mbili ndefu.

"Pembe za nani hizo?" Bi Hoja akauliza kabla hajaushika mdomo wake. Ng'ombe aliyemkamua kila siku hakuwa na pembe hata ya dawa. Kichwa chake kilikuwa laini kama chungu.

Bwana mifugo akalizungusha fuvu, akamtazama mzee. Mzee akatazama mawingu.

"Ziliota," akasema.

"Ziliota," Bi Hoja akarudia. "Baba watoto, ng'ombe wangu umemuuza kwa nani?"

"Nakwambia ziliota. Wewe ungejuaje, mke wangu? Mwezi mzima ulikuwa kwa binti yetu, ng'ombe kaugua hupo, kafa hupo, kazikwa hupo."

Karani akaitoa kalamu mfukoni taratibu, kwa upole wake uleule.

"Samahani, mama," akasema. "Kumbe siku ya maziko hukuwepo?"

Bi Hoja akatazama shimo, akatazama shamba lake lote hadi mwisho wa mahindi.

"Nilikuwepo kimoyomoyo," akasema.