Tangazo la Shangazi

Shangazi alizikwa Jumatatu, na Jumanne sauti yake ikapita mtaani.

Niliipitisha mimi. Nilisukuma toroli la kubebea zege, ndani yake betri ya gari na spika, na kwenye spika kadi ndogo yenye tangazo lake: "Ndugu zangu, njooni ukumbini Jumamosi. Watu wa kampuni wanataka kuichimba bahari yetu watafute mafuta na gesi. Mtaa usiofika watauhesabu umekubali. Njooni mkatae." Likiisha, linaanza upya.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma tu. Shangazi alinipa kazi hiyo kwa sababu alinijua: mtu akinisalimia ghafla, naangalia vidole vya miguu. Ndiyo maana aliniita Konokono.

"Shangazi yako hata kufa amegoma!" muuza mkaa alinipigia kelele. Watu wakacheka, kisha kicheko kikawakatikia mdomoni. Sauti ilikuwa imefika pale penye nafasi.

Nafasi ile niliijua. Tangazo tulilirekodi kwenye chumba chetu cha cherehani, godoro tumeliegemeza dirishani kuzuia kelele. Katikati Shangazi alibanwa na kikohozi, akanigeukia. "Sema wewe, Konokono, mimi nimechoka." Nikatikisa kichwa. Akacheka, akaendelea mwenyewe. Fundi simu aliyakata maneno hayo, ikabaki nafasi tupu ya kuvuta pumzi moja.

Sasa ndani yake mlikuwa na kitu. Ndu. Mshindo mzito, wa chini kabisa.

Mshindo huo kila mtu aliujua. Ulitoka kwenye meli iliyokuwa ikiigonga bahari kupima mafuta yamelala wapi. Nyumbani ulikuwa huusikii kwa sikio, ila uliuona kwenye ndoo: maji yanatetemeka, yanatulia, yanatetemeka tena. Lakini siku tuliporekodi, meli ilikuwa haijaja.

Jumatano, baada ya mshindo, kikafuata kikohozi. Alhamisi jirani yetu alitoka mlangoni na mwiko mkononi. "We binti, shangazi yako anamwambia nani aseme?"

Nilikwenda kwa fundi simu mbio. Alisikiliza mara mbili, akavivua visikilizio masikioni kama vimemchoma.

"Niliyakata kwa mkono wangu," alisema. "Na nikikata kitu hakioti tena. Hii ni kadi, siyo mkia wa mjusi."

Jioni nilimkuta mume wa Shangazi, Mjomba wangu, ameketi kati ya mabomba yake. Ni fundi bomba. Tangu msiba hakuwa amefunga hata koki moja.

"Mwanangu," alisema, "kila likipita nainuka kwenda kumfungulia mlango. Nafika, nashika komeo, ndiyo nakumbuka. Mwache mwenzangu apumzike."

"Jumamosi, Mjomba," nilinong'ona. "Ikifika Jumamosi, basi."

Akaugeukia mlango.

Jumamosi asubuhi kadi haikuwepo kwenye spika. Mjomba alikuwa ameketi kizingitini, kiganja juu ya mfuko wa shati.

"Leo hapiti," alisema.

Nilisimama mbele yake. Bila tangazo, nani angekumbuka? Jumamosi ni siku ya soko na ya kufua. Ukumbi ungekuwa mtupu, wangeandika kwamba tumekubali, na baharini wangeshusha chuma chao. Shangazi angekuwa amejikohoza bure hadi kaburini. Nilitaka kumwambia hayo. Niliangalia vidole vya miguu, nikaondoka mikono mitupu.

Mtaa ulikuwa kimya. Milango wazi, watu hakuna. Kwenye beseni moja nguo zilikuwa zimeachwa na povu lake, na povu lilikuwa likitetemeka, likitulia. Niliongeza mwendo.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani.

"Umechelewa, wewe!" jirani alinivuta mkono. "Shangazi yako kapita zamani. Leo sauti ilikuwa kubwa, ungedhani yumo chumbani."

"Nani alisukuma toroli?"

Wakatazamana.

"Si wewe?" muuza mkaa aliuliza. Hakuwa akicheka. "Sisi hatukuchungulia. Tumesikia tu. Amesema leo atasema Konokono."

Mbele, nyuma ya meza yenye glasi ya maji, mwenyekiti wa kikao alikuwa akitazama saa yake. Pembeni yake walikaa watu wa kampuni, wamenyooka kama pasi imepita juu yao.

"Nani anausemea mtaa?" mwenyekiti aliuliza.

Vichwa vyote vikanigeukia. Maji kwenye glasi yakatetemeka.

"Ndugu zangu," nilianza, maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo. Kumbe na mengine yalikuwapo. Nilikuwa nimelisukuma tangazo lile hadi likaingia kwenye mifupa. Nikafika pale penye nafasi, na bila kutaka, nikanyamaza.

Ndu. Safari hii tuliusikia sote, chini ya nyayo. Kisha mtu akakohoa nyuma, mlangoni.

Nikageuka. Alikuwa Mjomba, pumzi juu juu, kadi ikiwa kati ya vidole vyake.

"Nimemsikia anapita," alisema, "na hii ninayo mfukoni." "Sema, mwanangu. Anakusubiri."

"Hatutaki bahari yetu ichimbwe," nilisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa yangu. "Tumefika, na tunakataa."

"Tunakataa!" ukumbi ukaitika, hata vioo vikalia.

Mwenyekiti aliandika, akasoma alichoandika: mtaa umekataa. Mimi nilikuwa nikiitazama glasi. Maji yalikuwa yametulia, nami nikasubiri yatetemeke tena. Hayakutetemeka.

Jioni Mjomba mwenyewe aliirudisha kadi kwenye spika. Tulikaa chumba cha cherehani, tukasikiliza. Shangazi alisema yake yote. Katikati hapakuwa na mshindo wala kikohozi, ila nafasi tupu ya kuvuta pumzi moja.

Mjomba aliinuka hata hivyo, akaenda kufungua mlango.