Mitaro ya Eljas

Maji ya ziwa yalikuwa yamekolea kama chai ya rangi. Vieno alitumbukiza mkono kushika beseni lililoelea kifudifudi, lile la kunasia hewa inayotoka ziwani, asivione vidole vyake mwenyewe. Akasoma kipimo. Akasoma tena. Hewa ya ukaa ilikuwa imezidi ya jana.

Alipopiga kasia hadi gatini, alimkuta baba yake, Eljas, akinywa kahawa na Reijo, dereva wa katapila.

"Haya, profesa," Reijo akamtania, "mitaro niizibe nisiizibe? Au nianze kuota mizizi hapa?"

Mitaro ile Eljas aliichimba ujanani, akikausha kinamasi ili misonobari istawi, na kila mtu akamsifu. Sasa mboji iliyokauka ilikuwa inaoza, na kila mvua iliiteremsha ziwani kupitia mitaro hiyo. Na siku hizi mvua hunyesha hata katikati ya majira ya baridi, badala ya theluji. Majirani walishaacha kuja kwake Jumamosi kuoga mvuke wa sauna na kujitosa ziwani. Walisema wanatoka wachafu kuliko walivyoingia.

"Mwanangu, nikiiziba, maji yatatakata?" Eljas aliuliza.

"Labda, Baba. Baada ya miaka. Kwanza huenda yakazidi weusi."

"Na hiyo hewa yako?"

"Ya ukaa itapungua. Ila kinamasi kikilowa, hupanda gesi nyingine, mbaya zaidi. Au isipande sana." Sauti ikamfifia. "Sijui."

"Hujui!" Reijo akaangua kicheko. "Na kusoma kote huko!"

Masikio yakamwaka Vieno. Baba yake alikuwa akimkodolea macho kama mgonjwa anayesubiri majibu. Neno moja tu lingemtua mzigo, lolote lile, na angeliamini. Hilo ndilo lililomtisha.

"Kweli sijui, Baba. Nisamehe."

Eljas akamwaga machicha ya kahawa nyasini. "Reijo, kazibe."

"Si amesema hajui?"

"Mimi nilipochimba, nilijua sana."

Wakaondoka. Vieno akafunga mtumbwi wake gatini. Kama wakingoja mwaka mmoja? Na huo mwaka wa kungoja, ziwa litakuwa limekunywa mboji kiasi gani? Nyuma ya miti, katapila likanguruma. Akavua jaketi la kuokolea maisha, akaanza kukimbia kuelekea kwenye mngurumo, asijue kama anakwenda kuwazuia au kuwashikia koleo.