Jiwe la Kings Rest

Serikali ya makaburu ilipokivunja kijiji cha Kings Rest, yalibaki makaburi yasiyo na majina, kila moja na jiwe lake. Bibi Khadeeja alilijua la mama yake kwa weupe.

Jumanne, mjukuu wake mtukufu Uzair, msomi wa shule ya bweni, alilihamishia penye nyasi tupu awaonyeshe wenzake “kaburi la sultani”. Leo Bibi alipiga magoti penye jiwe, akafungua viganja. Uzair akamkimbilia.

“Bibi, subiri! Hapo hapana mtu. Nililihamisha mimi.”

Bibi hakugeuka mpaka alipomaliza.

“Basi nyasi zimepata Fatiha. Ulilitoa wapi?”

“Pale, kando ya mpera.”

“Libebe, mheshimiwa. Ukikosea hata hatua moja, kaburi la sultani litapata mwenyewe.”