Wino wa Rangi ya Sombe

Jumamosi moja, baada ya arobaini ya mama yake, Mwalimu Rachida alisogeza mafiga matatu ya jikoni kwake, mtaani Mikelenge, akafagia jivu, akachimba mpaka jembe likagonga mbao. Kasha lilitoka na matundu, lakini limeshikana. Mchwa walikuwa wamekula vibandiko vyote vya chupa na kuziacha chupa zenyewe, maana hata mchwa wana mipaka yao. Aliziosha moja moja kwenye karai, akazipanga juani, akahesabu thelathini na mbili. Ndani ya kila moja wino ulikuwa umekauka ukawa ganda, na maganda yote yalionekana meusi tu.

Zilikuwa za baba yake, aliyeitwa Waziri, ambaye kabla ya vita alikuwa na duka la madaftari na kalamu kwenye barabara kubwa ya mji wa Kindu. Wino ule aliununua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga biashara. Zilikuwa rangi ambazo kiwanda kilikwisha kuacha kuzitengeneza, kwa kuwa huko Ulaya hapakuwa tena na mtu wa kuzitaka. Kindu zilipendwa. Walikuja walimu na makarani, shehe na padri, na vijana wenye wachumba huko Pangi. Waziri alikuwa na sharti moja: chupa haiuzwi kabla mnunuzi hajaijaribu kwenye daftari la duka, na kujaribu hakukuwa kuparura mistari kama kuku jalalani. Ilibidi mtu aandike jina lake na sentensi moja nzima yenye maana, kwa sababu rangi, alisema Waziri, haijulikani mpaka isomwe. Basi daftari lilijaa rangi na habari za mji. Mto umepanda. Mbuzi wangu amezaa wawili. Shemeji anafika Alhamisi na treni.

Sharti hilo ndilo lililomponza. Uasi ulipoingia mjini, mwaka wa tisini na nane, askari walifika dukani wakiwa na barua. Barua ilisema kwamba Waziri anawapelekea watu wa msituni habari za siri, na kwamba alama zake zimo ndani ya daftari, kila rangi na maana yake. Kamanda alifungua daftari akasoma. Mto umepanda. Mbuzi wangu amezaa wawili. Shemeji anafika Alhamisi na treni. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekipata alichokuja kutafuta. Rachida alikuwa na miaka kumi na mitatu, amekaa nyuma ya meza anapanga chaki. Baba yake alinyoosha shingo kuitazama barua, na hakusoma hata neno. Aliangalia wino.

"Rachida, mama, angalia hii rangi," alisema. "Niliuzisha chupa moja tu."

Wakamchapa kofi anyamaze, wakamchukua yeye na daftari lake. Ilikuwa Jumanne. Hakurudi, na hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Lakini rangi Rachida alikwisha kuiona: kijani kilichokolea, chenye ukingo wa manjano pale kalamu ilipokawia. Ilikuwa rangi ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inapolala chunguni mpaka kesho yake.

Kasha la akiba lilikuwa nyumbani. Mama yake alilifukia, akaweka mafiga juu, akakataza lisitajwe, na akapika juu yake kwa miaka ishirini na mitano. Mama aliogopa. Rachida hakuogopa, alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikua pamoja naye, ikasoma naye ualimu, ikaingia naye kila asubuhi kufundisha darasa la nne. Alitaka kitu kimoja: mwenye ile chupa ajulikane, asimamishwe mbele ya hakimu, na asipate pa kuuficha uso wake.

Kwa hiyo kila siku baada ya shule alitia maji ya mvua kwenye chupa moja na kuiacha ilale. Kesho yake alichovya kalamu ya baba yake na kuijaribu kwa sharti la duka. Ya kwanza ilitoka rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Aliandika: Rachida binti Waziri. Leo jirani ameunguza maharage. Kabla maneno hayajakauka, Mama Mwavita, mkunga wa mtaa, aliingia uani akiwa na mkono wa kulia wa rangi ya chungwa mpaka kwenye kifundo.

"Rachida, ni weye njo unafungua wino ya baba?" aliuliza. "Nilikuwa nakanda ndazi, nikaona mukono inageuka. Ile rangi nilinunua mimi, wakati ningali musichana. Nilikuwa naandikia mwanaume moja wa Kibombo."

"Alikujibu?"

"Alinijibu na kalamu ya bic," Mama Mwavita akasema. Akaomba chumvi kidogo, akarudi kwenye maandazi yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chupa zote. Kila wino ulimrudia aliyewahi kuununua, ukamkaa mkononi siku kadhaa, kisha ukafifia. Zambarau ilimleta Didier, fundi cherehani, aliyekufa kwa malaria mwaka wa elfu mbili na nne. Alifika saa kumi na mbili jioni na mkono wake wa zambarau, akakaa kwenye kibao, akapewa maji. Rachida alimuuliza kama huko aliko yuko pamoja na Waziri.

"Hapana," Didier akasema. "Wale hawakuzikwa, hawafikake kwetu."

Alirudisha kikombe, akashukuru, akatokea mlango wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na tope. Rachida aliosha kikombe, na chupa iliyofuata aliilowesha jioni ile ile.

Ya kumi na tisa aliijaribu asubuhi ya Idi kubwa. Aliandika: Rachida binti Waziri. Baba aliondoka Jumanne. Maneno yalikauka yakawa kijani kilichokolea, na pale alipokawia, kwenye neno baba, ukingo ukageuka manjano. Alishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa bado ameishika meza, mtu alipopiga hodi.

Alikuwa Papa Edouard, na kuku wake wa Idi. Enzi za Waziri, Edouard alikuwa na kiduka cha mafuta ya taa, ukuta kwa ukuta na duka la wino. Ndiye aliyemsindikiza mama yake Rachida kwenye kambi ya askari kwenda kuuliza habari za mumewe. Ndiye aliyesema atalinda duka mpaka mwenyewe arudi, na alikuwa angali analilinda: lilikuwa sasa depo yake ya saruji, na jina lake limepakwa juu ya mlango. Na kila Idi kubwa, ingawa yeye ni Mkristo, alileta kuku kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huu mkono huo, ulioshika miguu ya kuku, ulikuwa wa rangi ya sombe iliyolala.

"Idi njema, mutoto yangu," alisema. "Usiangalie mukono. Imenishika sasa hivi tu, hapa kwa barabara."

Rachida alipokea kuku. Aliwakumbuka kuku ishirini na watano waliotoka katika mkono ule, na mama yake akifyonza mifupa yao huku akimwombea Edouard dua. Alitamani kumsokomeza yule kuku kooni mwake, na manyoya yake yote na kucha zake zote. Badala yake alisema aksanti papa, akafunga mlango, akamfungua kuku kamba aende anakotaka, akarudi mezani na kuandika.

Aligundua kwamba kadiri alivyoandika, ndivyo rangi ilivyopanda. Ukurasa mmoja ulifika kwenye kiwiko, mitatu ikafika begani. Alichagua Jumamosi, ili Jumapili Edouard asimame kanisani kusoma somo akiwa wa kijani mpaka kwenye kola. Aliandika jina la baba yake mara mia kwa mwandiko wa ubaoni, na alifurahi. Tuseme ukweli, hakuwa amefurahi namna ile tangu utotoni. Alipita mbele ya depo makusudi ili aone kazi yake. Katikati ya wiki rangi ilipita masikio, na siku ya pili yake ikaingia chini ya miwani. Usingizi wake ulikuwa mzuri sana wakati huo.

Na hakunyamaza. Aliwaambia walimu wenzake, akawaambia wauza samaki wa sokoni, akamwambia kila aliyesimama kumsikiliza: hii ndiyo rangi ya barua iliyomuua Waziri, na yule pale ndiye mwenye chupa. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakasema pole. Wengine walisema walijua zamani, wengine walidhani hivyo, na wengine walisema wakati ule kila mtu aliandika kitu. Kisha walikwenda kununua saruji. Kanisani walimpa Edouard mkono wa kushoto kwa wiki moja, halafu wakarudia wa kulia, kwa kuwa wa kushoto si adabu.

Uchaguzi ulipokaribia, Edouard alitangaza kwamba anagombea. Mgombea anahitaji rangi yake, na nyekundu, buluu na manjano zilikuwa zimekwisha kushikwa na wengine. Vitenge vilifika kwa ndege: kijani kilichokolea, pindo la manjano, uso wake katikati, kijani juu ya kijani. Viligombaniwa mpaka mtu mmoja akavunjika kidole. Kwaya ilishona sare. Darasa la nne lote lilifundishwa wimbo wake, na lilimwimbia Rachida wakati wa mapumziko, likidhani atapenda. Mama Mwavita naye alikuja kuomba chumvi akiwa amevaa kitenge hicho, na safari hii alimsemesha Rachida huku akiangalia mlango.

"Walitugawia tu," alisema. "Ile yangu ingine imechakaa."

Rachida aliacha kuandika siku hiyo hiyo. Ndani ya chupa ilibaki robo. Rangi ilianza kushuka usoni pa Edouard, ikaacha paji, ikaacha pua, na siku ilipofika kidevuni, gari lake lilisimama nje ya nyumba ya Rachida.

"Mutoto yangu, iko nafifia," alisema, akikaa bila kukaribishwa, juu ya kibao kile kile cha Didier. "Siku kumi na ine njo zimebaki. Watu wanasema sura yangu hailingane tena na kitenge. Uniuzishie ile chupa. Karani yangu ataandika, wewe usijichokeshe."

Rachida alimtazama. Akimnyima, atatakata kabla ya mwezi kwisha, na kitakachobaki mkononi mwake ni ngozi safi. Akimpa, atapendeza. Alipindua jambo hili huku na huku, akaona kwamba mzee huyu ameshinda pande zote mbili, na chuki ikampanda mpaka meno yakamuuma. Hapo ndipo alipokumbuka sharti.

"Kwa duka ya baba, muntu anajaribu kwanza," alisema. "Jina, na sentensi ya kamili."

"Nakumbuka," Edouard akasema. "Alikuwa mukali sana na ile." Akavuta meza karibu, akapokea kalamu, akalainisha karatasi kwa kiganja. "Niandike nini?"

"Ile uliandika mara ya kwanza."

Edouard alifikiri kidogo. Hakuonekana mwenye hofu, alionekana anatafuta tu wimbo wa zamani unaanzaje. Kisha aliandika barua yote tangu tarehe, kwa mwandiko mzuri ulioinamia kulia: jina la Waziri, duka lake, habari za siri, watu wa msituni, daftari, kila rangi na maana yake. Mahali pamoja alisimama, akakata neno, akaweka lililo bora zaidi. Mwisho alitia sahihi yake kamili, yenye mizunguko mitatu. Alivyokuwa akiandika, kijani kilimpanda tena mpaka nyusi.

"Juu ya nini, papa?" Rachida alimuuliza sababu.

"Duka yangu ilikuwa ndogo," akasema. "Yake ilikuwa kwa kona."

Akapulizia karatasi ikauke, akaitia chupa mfukoni, akauliza kama kuku wa Idi alikuwa mtamu. Rachida alimjibu kwamba hajui, kuku alikwenda zake. Edouard alicheka kwa roho safi, akaagana naye vizuri.

Rachida hakungoja hata gari ligeuze. Alivaa viatu, akaishika ile karatasi mbele ya kifua ili isikunjike, akatembea kwa miguu mpaka ofisi ambako watu hupeleka mashtaka yao. Njiani alijaa furaha ya ukatili. Alikwisha kumwona Edouard kizimbani na uso wake wa sombe, mkewe analia, kwaya inavua sare. Karani wa zamu, aliyeitwa Arsène, aliisoma karatasi mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Hii iko wazi kabisa, mama," alisema. "Jina iko, tarehe iko, sahihi iko. Lakini hatuwezi kuipokea."

"Juu ya nini?"

"Rangi. Hapa barua inapokelewa kwa wino ya buluu ao nyeusi." Alimwonyesha tangazo ukutani, na kweli ndivyo lilivyosema.

"Ile ya wakati wa vita ilikuwa na hii rangi," Rachida alisema. "Ile waliipokea. Baba yangu alikufa nayo."

"Wakati ile tangazo haikukuwa," Arsène akasema kwa upole, kwani hakuwa mtu mbaya. "Umwambie aandike tena. Kama ni yeye alikubali, hatakatala." Akavuta mtoto wa meza, akachagua, akampa bic mpya ya buluu. Mwili wa kalamu hiyo ulikuwa wa kijani kilichokolea, na ubavuni, kwa herufi za manjano, lilikuwa limeandikwa jina la Edouard.

Rachida alisimama nje kwenye ngazi. Hakuwa na daftari, kwa hiyo aliijaribu bic kiganjani, kwa sharti la duka. Rachida binti Waziri. Edouard alimuua baba yangu. Ilikuwa bic nzuri, haikukwama hata mara moja, na buluu yake ilisomeka vizuri.