Mji wa Waliozaliwa Januari Mosi

Usingizi unanikamata mezani, saa nane mchana, mvua ya Mbeya ikipiga mabati, wali na maharage ya kantini vikiwa bado vizito tumboni. Mbele yangu, kwenye kioo cha kompyuta, fomu ya mama ya hospitali iko wazi. Ni mwezi wa tatu sasa tangu nimzike, na kila siku baada ya chakula naifungua, naitazama, naifunga. Jina, Subilaga Mwakalobo. Tarehe ya kuzaliwa, Januari mosi. Kisanduku cha tarehe ni kidogo, cheupe, na leo nikikikodolea macho kinaota kizingiti, nami nainua mguu na kuvuka, kama mtu anayeingia jikoni kwao.

Ndani ni barabara, na barabara hii naijua kwa sababu nimeijenga mimi. Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuunganisha mifumo isiyoelewana, duka la dawa na maabara, maabara na wodi, hospitali ndogo na hospitali ya rufaa, kila mmoja na lugha yake, mimi katikati nikipatanisha na kujisifu kwamba hakuna mashine mbili zilizowahi kunishinda. Huku kila muunganisho nilioutengeneza ni daraja, na daraja likiisha linaanza jingine, na barabara inazunguka na kunirudisha pale pale nilipopita, ila kila nikirudi nyumba zimehamia upande wa pili. Natembea sana. Sichoki, na hilo linanitisha. Kwenye daraja la mwisho, au la kwanza, amesimama mtu mwenye koti jeupe, na pale ambapo pangekuwa na uso pamepigwa lipu, pako laini. Karibu, mhandisi, ananiambia. Namuuliza, wewe ni nani? Ananijibu, mimi ndiye uliyemfundisha asiseme sijui.

Namtambua hapo hapo na kuona aibu. Nilipoacha madaraja nikaingia kwenye akili mnemba, kazi yangu ya kwanza ilikuwa mashine ya kupanga wagonjwa, nani apigiwe simu kwanza aje hospitali ya rufaa. Wakubwa walichukia kuona jibu tupu, basi nikaifundisha ikikosa jibu ikisie, na ikikisia isitetereke. Nilipigiwa makofi ukumbini, nikapiga picha na tai yangu mpya. Namtafuta mama, namwambia yule asiye na uso, Subilaga Mwakalobo, aliyezaliwa Januari mosi. Anajibu, huyo ninaye mmoja, nao ni wawili. Amekufa Machi, na tangu Machi anasubiri simu. Hicho ni kitendawili, namwambia. Anasema, hapana, hiyo ni kumbukumbu, umeiandika kwa mkono wako.

Ni kweli, na hata ndotoni siwezi kujifanya sielewi. Kanuni ilikuwa yangu: majina yakifanana na tarehe ya kuzaliwa ikifanana, basi huyo ni mtu mmoja, unganisha mafaili. Kanuni nzuri kabisa kwa nchi ambayo kila mzee anajua siku aliyozaliwa. Kulikuwa na Subilaga Mwakalobo mwingine, wa kata ya ng'ambo ya mto, naye pia ameandikwa Januari mosi. Akafariki mwezi Machi. Mfumo ukafunga faili lake, na ndani ya faili hilo alikuwamo mama yangu, na uvimbe wake tumboni, na nafasi yake ya upasuaji. Mashine ya kupanga simu haimpigii marehemu. Mama akakaa na simu yake miezi minane. Kila nilipomuuliza alisema, hawajapiga tu, watapiga, si ni mashine yako? Nami nilimwamini, kwa sababu ilikuwa mashine yangu. Novemba akafa. Nilipokwenda mwenyewe kuandika kifo chake, kompyuta ilikataa, ikaniandikia: mtu huyu amekwishafariki.

Nipeleke kwake, namwambia. Tunashuka mpaka kwenye mji ulio kando ya mto, na ng'ambo ya mto upo mji huo huo, nyumba zile zile, milango ikitazamana, mtu akiinua mkono huku na kule unainuka. Mji mzima ni wazee. Wamevaa sweta na kanga na makoti ya zamani, nyuso zao zimepigwa lipu, na wote wanaimbiana wimbo wa siku ya kuzaliwa, polepole, wakipokezana kipande kimoja cha keki ambacho hakuna anayekila. Nauliza huyu, mama, ulizaliwa lini? Januari mosi. Nauliza yule, na wewe, mzee wangu? Januari mosi. Ni wazee ambao mtu mmoja alikuwa na haraka siku ya kuwaandika. Kiongozi wangu anasema, wako yumo humu. Taja kimoja ambacho hakimo kwenye fomu, atageuka. Nataja kundi lake la damu. Nataja namba yake ya simu, uzito wake wa kliniki ya mwisho, presha yake. Hakuna anayegeuka. Najua mengi juu ya mama yangu, na yote nimeyasoma kwenye kioo. Nasimama katikati ya mji ule nikiwa na huzuni ambayo sikuwa nayo hata makaburini.

Kisha inanijia ile likizo, mimi kwenye kochi lake na kompyuta mapajani, yeye chini anamenya ndizi. Nilimuuliza, mama, ulizaliwa lini? Akaweka kisu chini. Alifurahi, naiona sasa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaanza, mimi nilizaliwa mwaka ule maji yalipobeba daraja la miti, mama yangu alikuwa ametoka kuchukua mbegu za maharage. Nikamkatiza. Mama, fomu inataka tarehe tu. Akanitazama kidogo, akasema, basi andika unavyoona, baba, wewe ndiye uliyesoma. Akachukua kisu chake. Nikaandika Januari mosi.

Maji yalibeba daraja la miti, nasema. Mwanamke mmoja anageuka, naye ana uso. Vidole vyake vimeshika weusi wa utomvu wa ndizi. Umekuja, baba, anasema. Umekula? Nimekula, mama. Haya kaa, nimalizie, siku ile ulikuwa na haraka. Nakaa chini, kwenye vumbi, na tai yangu. Anasema, daraja likaenda, mama yangu akakwama ng'ambo na mbegu zake, uchungu ukamshika huko huko. Akapokewa kwenye nyumba ya ndugu wa ukoo wetu. Mke wa nyumba ile alikuwa amejifungua juzi yake, mtoto wa kike. Wakatulaza kitanda kimoja, watoto wawili, na kwa kuwa bibi wa nyumba ile alitusaidia kuzaliwa wote, wote tukapewa jina lake. Mpaka leo yupo ng'ambo, Subilaga mwenzangu. Zahanati walishawahi kutuchanganyia kadi, tukacheka sana. Kwa hiyo kwenye mashine yako uangalie, baba. Usije ukatuchanganya.

Nalia. Sijalia hivi tangu shule ya msingi, nalia mpaka kifua kinauma, kwa sababu dakika mbili tu, mama, dakika mbili ningekaa kimya na ungekuwa hai. Namuuliza, kwa nini hukuniambia kwamba simu haiji? Anasema, niliichaji kila siku kwa jirani mwenye sola. Nikaona labda una foleni, sikutaka kukutia aibu kazini. Ng'ambo ya mto mwanamke mwingine amesimama mlangoni, anatutazama, kanga yake imefungwa kama ya mama. Nainuka. Nataka jambo moja tu sasa, nikamsahihishe, nimtoe kwenye faili la mwenzake hata kama amelala kaburini. Mwezi gani, mama? Siku gani hiyo? Anafungua kinywa, na kutoka nyuma yangu yule asiye na uso anajibu, Aprili kumi na nne. Anajibu bila kusita. Namgeukia, umejuaje? Anasema, umeuliza, nikajibu. Na hii hadithi, namuuliza, kitanda kimoja, bibi, kadi za zahanati, hii ameisema nani? Anasema, umeuliza, nikajibu. Namgeukia mama haraka, na lipu tayari imemfika mdomoni.

Naamka shavu likiwa juu ya kibodi. Mvua inanyesha vile vile, na Nsajigwa, ninayekaa naye ofisi moja, sauti yake inatoka mlangoni, kaka, ulilala kweli, kikao kinaanza. Nipe dakika mbili, namwambia, na nashika simu nimpigie mama mdogo Tumpale kijijini. Mama mdogo, nauliza, yule Subilaga wa ng'ambo, walizaliwa nyumba moja na mama? Kulikuwa na daraja lililobebwa na maji? Nasikia kuku nyuma yake. Mwanangu, anasema, mimi nilikuwa sijazaliwa. Hayo angekuambia mama yako. Namshukuru, nakata. Kwenye fomu naweka mshale kwenye kisanduku kile na kufuta Januari mosi, herufi kwa herufi, mpaka kinabaki kitupu, na kwa muda mfupi naona mama yangu yuko huru humo. Kisha kinakuwa chekundu. Sehemu hii lazima ijazwe. Maneno hayo niliyaandika mimi. Na chini yake, kwa herufi za kijivu, mashine inanisaidia kama nilivyoifundisha, inanipendekezea: Aprili 14.

Sijawahi kumtajia mtu siku hiyo. Kaka, anaita Nsajigwa tena, hatua zake zinakuja mpaka nyuma ya kiti changu, na mkono wake unagusa bega langu. Nakuja, namwambia, na sigeuki kumtazama uso.