Karai la Marehemu Dauda

Hakuna mtu anayeijua Jinja ya zamani kunishinda mimi, Nabirye wa Mafubira. Shule niliishia darasa la nne, tena nilikaa dirishani nikinusa halua ya mtaani. Kwa hiyo elimu yangu yote ni ya pua.

Miaka kumi baada ya vita vya sabini na tisa, wageni kutoka Mbale waliniomba niwatembeze kwenye nyumba za kale za kahawa na halua. Mmoja wao alikuwa Afande Romano, askari mstaafu, na gunia begani.

"Umemhamisha mke, Afande?" nikamtania.

"Sufuria za binti yangu, bibi. Mimi Jinja sijawahi kukanyaga."

Tukapita chini ya roshani zilizojengwa na Wahindi, na tarehe zimechongwa juu ya milango. Duka la keki sasa liliuza misumari, lakini nakuapia, ukutani harufu ya iliki ilikuwa bado hai. Wageni wakavua kofia wenyewe.

Mwisho nikawaingiza kwa Hajara, mjane wa Dauda. Halua ya Dauda ilipikwa kwenye karai la shaba, mpaka askari wakalibeba wakati wa vita. Kwenye sufuria za kawaida iliungua tu, Hajara akabaki na kahawa.

"Buni hii ikiisha nafunga duka," alituambia akimimina. "Naenda Masese kwa dada, kukausha samaki."

Wageni wakanywa. Walipotosheka, wenzake Romano wakasema, "Basi, mama, asante." Maskini, hawakujua, nami sikuwaambia. Nyumbani kwa Dauda, mtu aliyetosheka hasemi kitu. Huchukua buni moja kwenye bakuli la mezani na kuidondosha kikombeni. Hakuna nyumba nyingine yenye desturi hiyo.

Romano akafungua gunia. Karai! Shaba yake ikawasha chumba kizima.  Hajara akapapasa chini yake taratibu, mpaka vidole vikafika kwenye kiraka alichogongelea Dauda kwa mkono wake. Machozi yakamshuka.

"Umelitoa wapi, Afande?"

"Sokoni Mbale, mama. Wiki iliyopita. Nikasikia Jinja kuna mpika halua, ingawa mimi sijawahi kukanyaga huku."

Hajara akajipangusa machozi. Akainua birika amwongezee kahawa. Romano, macho bado kwenye karai, akanyoosha mkono bakulini, akachukua buni moja, akaidondosha kikombeni.

Tii.

Sote tukakitazama kikombe.

"Afande," Hajara akasema, birika likining'inia hewani, "si umesema hujawahi kukanyaga Jinja?"