Fahali wa Kukana Deni

Wekoye alikuwa na ulimi mtamu matangani, na ulimi huo ndio uliomponza.

Mdogo wake Makokha alizikwa Malakisi mwaka wa 2006. Siku ya tatu, wafiwa waliponyolewa na madeni ya marehemu kutajwa, Wekoye alisimama kama impasavyo kaka mkubwa. "Anayemdai Makokha aniulize mimi! Mjane asisumbuliwe!" Watu wakapiga makofi. Nyumbani kwao kila mtu anajua maneno hayo husemwa ili marehemu apumzike. Mwenye adabu hunyamaza, kisha huja baadaye polepole kuomba apewe chochote. Lakini nyuma kabisa alisimama Kimeli, mtu wa milimani upande wa Kitale aliyekuja kumzika rafiki yake, asiyejua adabu hiyo.

"Mimi namdai fahali mmoja," alisema. "Alimchukua akauze, alipe hospitali. Asante mzee. Nitakuuliza wewe."

Na kweli akauliza. Alipiga simu, akatuma watu, akaja mwenyewe, akanywa chai, akauliza tena. Wekoye alikereka mpaka akawa anajificha kwenye shamba lake la tumbaku akisikia pikipiki. Fahali wake alikuwa mmoja tu, aliyefungwa plau pamoja na wa jirani. Amtoe kwa deni ambalo hakuonja hata shilingi yake?

Mwisho akamfuata Kimeli huko huko Kitale.

"Bana Kimeli, si yale yalikuwa maneno ya matanga tu?"

"Kwetu hakuna maneno ya matanga na maneno ya soko," Kimeli alijibu bila hasira, jambo lililomuudhi Wekoye zaidi. "Kama hukuahidi, sawa. Ita wale wale walisikia, ukane mbele yao. Ukikana, mimi sitarudi."

Wekoye alirudi akipiga mluzi. Furaha hiyo iliisha alipofika nyumbani na kuanza kupiga hesabu ya watakaoalikwa. Waliosikia ni ukoo mzima, na ukoo hauitwi mikono mitupu. Wakae, wale. Na ugali kwa mboga za majani? Wangemcheka mpaka Bungoma.

"Yaani unachinja fahali ndio usilipe fahali?" mkewe Phelista alimuuliza. "Si umpe tu huyo mtu?"

"Afadhali aliwe na watu wetu!"

Hasira hasara, lakini nani humwambia mwenye hasira akasikia? Jumamosi fahali akachinjwa. Watu walikula wakashiba, Kimeli naye akala. Kisha Wekoye akasimama, akaanza bila utamu wake wa matangani.

"Ati nilisema nitalipa deni la Makokha. Nilisema tu vile watu husema. Sikuahidi mtu."

Hakuna aliyemzomea. Wengine waliendelea kutafuna, macho yameelekea kwenye mifupa, na Wekoye akatamani wangemzomea.

Nabwile, mjane wa Makokha, akatoka jikoni mikono ingali na mafuta ya fahali wa shemeji yake. Marehemu alikuwa amemwachia watoto na mtamba mmoja, basi. Hakumtazama Wekoye.

"Baba Kimeli," alisema, "mtamba wangu yuko nyuma ya nyumba yangu. Ukienda, nenda naye."

Kimeli aliweka sahani chini, akanawa, akampa Nabwile mkono kwa heshima. Wekoye akasogea mbele. Alitaka kusema ngoja, alitaka kusema atatafuta fahali mwingine, na akajua papo hapo kwamba hakuna mtu pale ambaye angemwamini.

"Ndugu zangu," alianza.

Baba yao mdogo, mkubwa wa ukoo, akamkata kauli. "Kaa chini, Wekoye. Mwenye boma la Makokha ameshasema."